Wiki mbili za chipsi na soseji, mwili ushafungwa bao

Arusha. Shabiki wa soka ni mtaalamu wa miili ya watu wengine. Anajua straika gani kaongeza uzito msimu huu, beki gani hamalizi dakika 90 na kipa gani karudi kutoka likizo na kitambi. Akimwona kiungo wa timu yake anatembea uwanjani dakika ya 70, anapiga kelele atolewe haraka, hana pumzi huyo.

Kelele hizo anazipiga akiwa na sahani ya chipsi mayai mapajani, zege lenyewe, soda ya baridi mkononi, na nje bodaboda inamsubiri impeleke nyumbani ambako ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Picha hiyo utaikuta kwenye vibanda umiza vya Ngarenaro, Sakina, Kijenge, Sombetini na Unga Limited kila wikiendi. Utaikuta pia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kwa hiyo machalii wa Chuga wasione wanasemwa peke yao. Ila Arusha ina sababu mbili za kulizungumza jambo hili leo.

Ya kwanza, Tanzania, Kenya na Uganda ndizo zilizopewa AFCON ya 2027, na uwanja mpya wa Olmoti, wa takriban watu 30,000, uko ndani ya jiji hili. Wenyeji ndio sisi, na itapendeza kupanda ngazi za jukwaa bila kusimama katikati kutafuta hewa.

Ya pili ni nzito zaidi. Ushahidi kuhusu zege na soseji zinavyoufanyia mwili wa Mtanzania haujatoka Ulaya wala Marekani. Umetoka Moshi, mwendo wa kama saa mbili kwa basi kutoka hapa.

MECHI YA WIKI MBILI

Mwezi Aprili 2025 jarida la kisayansi la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wataalamu wa KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, wakiwamo Dk Godfrey Temba na Profesa Quirijn de Mast. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema, wengine wa vijijini na wengine wa mjini, kisha wakafanya kitu ambacho kocha angekiita kubadilisha mfumo.

Waliozoea vyakula vya asili vya kwetu, yaani mboga za majani, maharage, ndizi, matunda na nafaka zisizokobolewa, wakahamishiwa kwenye mlo wa kizungu wa soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea mlo wa kizungu wakarudishwa kwenye vyakula vya asili. Kundi la tatu likapewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, wenyeji wanakiita mbege. Wengine kumi wakaendelea na mlo wao kama kawaida ili wawe kipimo.

Waliobadilishiwa mlo walikaa hivyo wiki mbili tu. Damu ikapimwa kabla na baada.

Waliohamia kwenye soseji na chipsi, protini za kwenye damu zinazoashiria uvimbe wa ndani ya mwili zilipanda, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu kupambana na vimelea. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, dalili za uvimbe zikashuka. Wiki nne baada ya zoezi kwisha, baadhi ya mabadiliko bado yalikuwapo.

Uvimbe huo si ule wa kifundo cha mguu unaouona baada ya kuchezewa rafu. Huu hauonekani na hauumi. Ni kama mfumo wa ulinzi wa mwili umewekwa katika hali ya tahadhari muda wote, mabeki wote wanakimbia hovyo wakati hakuna hata mpinzani mmoja. Hali hiyo ikikaa miaka mingi inahusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na presha.

Wiki mbili kwenye soka si kitu. Ni yale mapumziko ya ligi kupisha mechi za timu za taifa. Mchezaji anaondoka klabuni yuko fiti, anakula ovyo siku 14, anarudi mwili umeshabadilika. Na kama ni wewe shabiki, AFCON moja inachukua karibu mwezi mzima wa zege la usiku.

Tuwe wakweli, watu 77 si wengi, wote walikuwa wanaume, na utafiti huo haukusubiri miaka 20 kuona nani ataugua. Lakini ulifanyika kwa watu wetu na kwa vyakula vyetu, na mwelekeo wa matokeo ulieleweka.

Na kabla hujakimbilia kilabuni: ndiyo, kundi la mbege nalo lilionyesha dalili za uvimbe kushuka. Ila waliopewa walipewa kwa kipimo, kwa siku chache, chini ya usimamizi. Mbege ni pombe. Utafiti haukusema ndoo nzima baada ya timu yako kufungwa ni dawa.

SAHANI YA KASKAZINI

Habari njema ni kwamba ukanda wa Meru ni tajiri wa chakula kuliko sehemu nyingi nchini. Nenda Tengeru siku ya gulio uone. Parachichi, ndizi za kila aina, karoti, maharage, mchicha, mnafu, figiri, maembe kwa msimu wake. Soko Kuu na Kilombero ni hivyo hivyo. Mwanasoka wa Ulaya anaandaliwa parachichi na mpishi wa klabu, wewe unalipata likiwa limeanguka chini ya mti kwa jirani.

Makande, loshoro, kiburu na mtori ni vyakula ambavyo vijana wengi wa mjini wanaviona vya bibi. Ukivitazama kwa jicho la kocha, ni vyakula vya mchezaji. Makande ni mahindi na maharage: wanga wa kukimbilia na protini ya kujenga misuli ndani ya sufuria moja. Loshoro inaongeza maziwa ya mgando. Kiburu ni ndizi na maharage. Mtori unashuka laini tumboni na una nyama ndani yake.

Kinachoharibu ni kuvipika vikaogelea kwenye mafuta, au kuviacha kabisa.

Ukitaka kanuni rahisi isiyohitaji mizani, igawe sahani yako. Nusu iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama. Kwa Watanzania wengi sahani imegeuka: ugali unachukua robo tatu, mboga imewekwa pembeni kama mchezaji wa akiba asiyejua hata atapasha misuli lini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Nyama choma nayo haijafukuzwa timu. Arusha bila nyama choma ni kama dabi ya Kariakoo bila kelele. Tatizo ni kuila kila siku, nusu kilo ya peke yako, na ile chumvi inayomwagwa pembeni ya ubao. WHO inasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo kwenye mboga, mkate na chipsi. Ukichovya nyama kwenye chumvi mara ishirini, kikomo chako kimeisha kabla ya chakula cha usiku.

Kwa wanaocheza, yule chalii wa timu ya mtaa mwenye mechi saa 10 jioni, chakula kikubwa kiliwe saa tatu au nne kabla. Wali, ugali, ndizi au viazi vitamu pamoja na maharage au kipande cha nyama. Ikibaki saa moja, ndizi mbivu moja na maji vinatosha. Kula chipsi saa nane na nusu halafu kuingia uwanjani saa kumi ni kujitafutia kichefuchefu, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Baada ya mechi, bilauri ya maziwa na chakula cha nyumbani vinarudisha misuli vizuri.

SODA MOJA, KILOMITA MBILI

Juni 14, 2021, kule Budapest, Cristiano Ronaldo alikaa mbele ya waandishi wa habari, akazisogeza pembeni chupa mbili za Coca-Cola zilizokuwa mezani, akainua chupa ya maji. Alikuwa na miaka 36 na bado anaanza timu ya taifa ya Ureno. Dunia ilicheka, wengine wakakasirika.

Hesabu yenyewe ni hii. Soda ya mililita 350 ina sukari ya kati ya gramu 35 na 40, kama vijiko tisa vya chai. Chukua chai yako ya asubuhi, weka vijiko tisa, uone kama utainywa. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Soda moja tu imeshapita hiyo 25.

Kuitoa soda hiyo kwa mbio, mtu wa kilo 75 anatakiwa kukimbia kama kilomita mbili. Hapo hatujagusa chipsi.

Wengi hapa ndipo wanapojidanganya. Wanasema nitakula tu, Jumapili nitacheza bonanza nitaitoa. Jibu la hoja hiyo nalo lipo mkoani kwetu.

Pembezoni mwa Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, wanaishi Wahadzabe, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walipima nguvu ambazo miili yao inatumia kwa siku. Kila mtu alitegemea wangekuta Wahadzabe wanatumia nguvu nyingi kuliko Wamarekani wanaokaa ofisini. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ilikuwa karibu sawa. Mwili unaotembea sana unajibana matumizi mahali pengine.

Maana yake, mazoezi peke yake hayafuti chakula kibovu. Kitambi kinaanzia mdomoni.

Lakini usikimbilie kusema basi mazoezi hayana maana. Utafiti mwingine kwa Wahadzabe hao hao, uliotoka 2017, ulikuta wanatembea na kufanya kazi za kutokwa jasho zaidi ya saa mbili kila siku, na presha na mafuta yao ya damu vilikuwa vizuri hata kwa watu wazima. Chakula kinasimamia uzito, mazoezi yanalinda moyo. Unahitaji vyote viwili, kama timu inavyohitaji kushambulia na kukaba.

MLIMA UPO, TUMIA

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Meru unapanda hadi zaidi ya mita 4,500. Hewa nyepesi na miinuko hii ndiyo inayowaleta wakimbiaji kupiga kambi huku.

Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, amefanya mazoezi yake kwa miaka mingi hapa Arusha. Septemba 15, 2025 jijini Tokyo alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho, akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti yao sekunde 0.03. Kilomita 42 na mita 195, ushindi kifua tu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kabla yake alikuwapo Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3:32.2.

Hakuna anayekuambia uwe Simbu. WHO inachotaka ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mfano kutembea haraka, au 75 za mazoezi makali, na siku mbili za kuimarisha misuli. Gawanya 150 kwa siku tano, ni nusu saa. Shabiki anayetazama mechi tatu kwa wikiendi anakaa kwenye benchi dakika 270, bado hujaweka mapumziko na dakika za nyongeza. Muda upo.

Panda kutoka Sanawari kwenda Ilboru kwa miguu mara mbili kwa wiki, utaona mwezi ukiisha pumzi imebadilika. Anayekaa Njiro au Moshono ashuke kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea, usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, unatembea kivivu. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Na habari ya kufurahisha zaidi kwa msomaji wa kurasa hizi ni kwamba mpira wenyewe ni dawa. Kule Copenhagen, Denmark, watafiti Peter Krustrup na Jens Bangsbo waliwachukua wanaume wasiokuwa na mazoezi, wakawapa mpira wa kujifurahisha mara mbili hadi tatu kwa wiki, kama saa moja, kwa wiki 12. Presha ilishuka, mafuta ya mwilini yakapungua na pumzi ikaongezeka. Hawakuwa na kocha mkali wala jezi za bei mbaya. Ni ule mpira wenu wa Jumapili, ila wenyewe waliucheza mara mbili hadi tatu kwa wiki, si siku moja.

WAKONGWE, PIMENI KWANZA

Hapo ndipo penye hatari. Mtu wa miaka 45, hajakimbia tangu Jumapili iliyopita, jana usiku kalala saa 8 baada ya mechi na bia kadhaa, leo saa 2 asubuhi anavaa njumu na kukimbizana na vijana wa miaka 20. Anaingia bila kupasha misuli. Dakika ya tatu paja la nyuma linakatika. Akiwa na bahati, ni paja.

Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Juni 26, 2003, na hakuamka tena. Hapa nyumbani, Desemba 2016, kijana wa Mbao FC, Ismail Khalfan, alianguka na kufariki katika mechi ya ligi ya vijana kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Christian Eriksen wa Denmark moyo wake ulisimama Juni 2021 mbele ya dunia nzima, na aliokolewa kwa sababu wenzake na madaktari walijua la kufanya mara moja na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu.

Hao walikuwa wachezaji, na bado yalitokea. Bonanza letu la mtaani halina daktari, halina mashine, mara nyingi halina hata barafu.

Presha ya kupanda haina dalili kwa wengi. Unaweza kuwa nayo na unajiona dume. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha, nenda hospitali ukasikilize ushauri. Kupima ni dakika tano kwenye zahanati au kituo cha afya. Mwenye zaidi ya miaka 35 anayetaka kurudi uwanjani, au mwenye ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, apime kwanza ndipo anunue njumu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia ukiwa mazoezini si uchovu, ni kadi nyekundu. Toka, nenda hospitali.

Kuhusu kupasha misuli, FIFA ina programu iitwayo 11+. Ni mazoezi 15 ya dakika 20: dakika nane za mbio nyepesi na kujinyoosha, kumi za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, mbili za mwisho za mbio kali zaidi. Kwa wachezaji vijana wa kike wa Norway, utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha majeraha yalipungua kwa karibu theluthi, na yale mabaya kwa karibu nusu. Hayahitaji vifaa zaidi ya mpira na koni, na koni ni hata chupa tupu za maji.

Moja la kuanza nalo leo: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nyuma, kisha jiangushe mbele taratibu huku mgongo umenyooka na unajizuia kwa mapaja. Mara tatu hadi tano kwa kuanzia. Ndilo linalookoa paja la nyuma.

MAJI YA MERU YANA MAMBO YAKE

Kila makala ya afya inakwambia unywe maji mengi. Kwa wanaoishi chini ya Mlima Meru, sentensi hiyo haitoshi.

Udongo na miamba ya volkano ya huku inaingiza madini ya floraidi kwenye maji. Ndiyo chanzo cha meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wengi waliokulia Arusha na Meru, maeneo kama Maji ya Chai na Ngurdoto yakiwa kati ya yanayotajwa sana. Meno ni sehemu ndogo ya tatizo. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, viungo vinakakamaa na watoto wengine miguu inapinda. Kwa mtoto anayeota kucheza mpira, hilo ni kubwa kuliko chipsi zote za mjini.

Kiwango salama kinachotumika ni miligramu 1.5 kwa lita. Na hapa wengi hawajui: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, ambalo ni jambo la lazima, lakini maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki na inazidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikifundisha kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yana floraidi kidogo sana, na yakichemshwa ni salama zaidi kwa watoto. Kabla ya kutegemea kisima, uliza kama kimepimwa.

Jambo la pili ni magadi. Mama wengi wanayatia kwenye makande na maharage ili yaive haraka. Magadi ya ukanda huu nayo yana floraidi. Kwa hiyo chakula kizuri cha asili kinaweza kugeuka na kukuumiza kwa sababu ya kijiko kimoja. Dawa ni kuloweka maharage na mahindi usiku kucha, kumwaga yale maji, ndipo upike. Yanaiva vizuri na mkaa unapungua.

USIKU WA ULAYA

Ligi ya Mabingwa Ulaya inaanza saa 4 usiku kwetu, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma wakati wa baridi, saa 5. Mechi inaisha karibu saa 7. Ukirudi nyumbani, ukabishana kwenye simu, unalala saa 8 na kuamka saa 12. Usingizi wa saa nne, mara mbili kwa wiki, ni mzigo. Mtu mzima anahitaji saa saba.

Huwezi kumwambia shabiki asitazame. Ila kula chakula cha usiku saa 1 nyumbani kabla ya kwenda kibandani, njaa ya saa 5 isikupeleke kwenye karai la chipsi. Beba maji na karanga za kuchoma au ndizi mbili. Mapumziko ya dakika 15 simama, tembea hadi barabarani na kurudi. Siku inayofuata lala mapema.

Arsène Wenger alipotua Arsenal mwaka 1996 akitokea Japan, aliwaondolea wachezaji chokoleti, akaleta samaki, kuku wa kuchemsha na mboga. Walinuna. Msimu wa 1997/98 wakatwaa Ligi Kuu na Kombe la FA pamoja. Chakula peke yake hakikuleta makombe hayo, lakini mabeki waliokuwa wamepita miaka 30 waliendelea kucheza.

RATIBA YA SHABIKI

Jumatatu: tembea dakika 30, ukale mboga za majani na dagaa. Jumanne: mechi ya Ulaya, kula mapema, maji badala ya soda. Jumatano: gulio la Tengeru au soko lolote la karibu, matunda ya wiki nzima. Alhamisi: kusimama na kukaa kwenye kiti mara 15, kupiga pushapu, rudia mara tatu. Ijumaa: loweka maharage, lala mapema. Jumamosi: zege moja la wiki ruksa, mgawane wawili na kachumbari nyingi. Jumapili: bonanza, dakika 20 za kupasha misuli, ndipo mpira uanze.

Ukishindwa yote, chukua mawili: acha soda, na pima presha mwezi huu.

Mechi za Jumamosi za England zinaanza saa 11 au saa 12 jioni. Bodaboda aende na abiria mwingine, una muda wa kutosha kufika kibandani kwa miguu.